Utangulizi: Hodi Isiyojibiwa

Kadi ya kwanza ya sauti niliyoinunua kwa fedha zangu mwenyewe ilinitesa siku nne. Nilifungua kompyuta ya nyumbani, nikang'oa kadi ya zamani, nikaikandamiza mpya mpaka ikakaa sawasawa, nikafunga skrubu na kuchomeka spika. Muziki wa mchezo ulitoka kwa muda usiotimia sekunde moja, kisha kipande kile kile kikajirudia bila kukoma, kama santuri iliyonaswa na sindano. Nilibadilisha spika, nikabadilisha waya, nikairudisha kadi dukani. Kwenye mashine ya muuzaji iliimba vizuri kabisa. Siku ya nne nilihamisha kibanio kidogo cha plastiki kutoka pini za namba 7 kwenda za namba 5, na wimbo ukafika mwisho. Nilifurahi sana, lakini nilibaki na swali: namba 5 ilikuwa na nini ambacho namba 7 haikuwa nacho? Kitabu hiki kimezaliwa na swali hilo.

Jibu lake ni hili. Prosesa ina kazi nyingi, haiwezi kukaa ikiisubiri kadi ya sauti. Kwa hiyo huiwekea kipande cha muziki kwenye kumbukumbu, na kadi hukichukua yenyewe na kukipiga. Kipande kinapokwisha, kadi hupiga hodi ili iandaliwe kingine. Katika kompyuta za enzi ile hodi zilipita kwenye njia chache zenye namba, na kila kifaa kilitakiwa kiwe na njia yake. Namba 7 kwa desturi ilikuwa ya printa. Kadi yangu ilipiga hodi kwenye mlango wa mwenzake, haikujibiwa, ikabaki kurudia kile kidogo ilichokuwa nacho. Hakuna kifaa kilichokuwa kibovu. Kilichokosekana ni maelewano.

Ndiyo hoja ya kitabu kizima: sauti hutoka kwenye kompyuta pale tu pande nyingi zinapopatana, na anayebadilisha kadi huyavunja mapatano yote kwa mkupuo, mara nyingi bila kujua. Kero yake ni ya kweli. Haitokani na uzembe wala ujinga wake.

Mapatano ya kwanza ni kati ya sauti na namba. Hewa hutetema mfululizo. Kompyuta hujua namba tu. Harry Nyquist, na baada yake Claude Shannon, wote wa Maabara za Bell nchini Marekani, walitusaidia kuelewa kanuni yake: ili kuhifadhi mtetemo, uupime zaidi ya mara mbili ya kasi yake. Sikio changa lenye afya husikia hadi mitetemo kama 20,000 kwa sekunde. Kwa hiyo muziki wa CD hupimwa mara 44,100 kwa sekunde, na kila kipimo huangukia ngazi moja kati ya 65,536. Upande mmoja ukisema 44,100 na mwingine ukaelewa 48,000, wimbo hukimbia kwa karibu asilimia 9 na sauti ya mwimbaji hupanda.

Mapatano ya pili yaliletwa na historia. IBM PC ya mwaka 1981 ilikuwa na spika ndogo ya kutoa mlio tu. Mwaka 1987 kampuni ya AdLib ya Quebec, Kanada, ilitoa kadi yenye chipu ya Yamaha iliyoweza kupiga sauti 9 kwa pamoja, kwa mbinu iliyogunduliwa na John Chowning katika Chuo Kikuu cha Stanford. Watunzi wa michezo wakaizoea. Mwaka 1989 Creative, kampuni ya Singapore iliyoasisiwa na Sim Wong Hoo, ikaleta Sound Blaster: ilibeba chipu ya aina hiyo hiyo, ikaongeza uwezo wa kupiga sauti zilizorekodiwa. Iliheshimu mapatano iliyoyakuta, kisha ikaandika yake, na watengenezaji wengine wakalazimika kuyafuata.

Windows 95 ilipokuja na utaratibu wa kompyuta kuvitambua vifaa yenyewe, vibanio vilianza kutoweka na ugomvi ukahamia kwenye draiva, yaani programu inayoitafsiri kadi kwa mfumo wa kompyuta. Windows Vista ilipobadilisha njia ya sauti mwaka 2007, wengi walijikuta na kadi nzima ambazo baadhi ya uwezo wake haukutumika tena. Leo ubao mama huja na chipu yake ya sauti. Ukiongeza kadi, mbili hizo hukaa pamoja, na kompyuta huweza kuendelea kuipelekea muziki ile usiyoisikiliza.

Sura zinazofuata zimepangwa kwa dalili, jinsi fundi anavyokutana nazo. Ukimya mtupu una sura yake. Mikatiko na mikwaruzo, inayotokea kipande kipya kinapochelewa kufika, ina yake. Mvumo mzito usiokoma una yake pia, kwa kuwa mara nyingi ni umeme wa nyumbani, ambao Afrika Mashariki hubadilika kwa hezi 50, ukipenya kupitia waya wa ardhi. Hisabati inayohitajika haizidi ya sekondari. Bisibisi na subira vitatosha.

Kabla hujafungua Sura ya Kwanza, fanya jambo moja. Zima muziki wote, weka visikizi, upandishe sauti polepole, kisha usogeze kipanya. Kwenye kompyuta nyingi utasikia mchakacho hafifu unaoufuata mkono wako: umeme wa mashine unavuja ndani ya njia ya sauti. Ukiusikia na ukataka kujua umepita wapi, umekwisha kupiga hodi. Karibu ndani.