Nguvu ya Sauti Nzito

Ngoma kubwa ipigwapo hapa Rubya, huisikia hata kifuani, kwa kuwa sauti nzito husukuma hewa nyingi. Spika ya sauti nzito nayo hudai umeme mwingi.

Fundi huanza na kidude kiitwacho opampu. Opampu ya kawaida huvumilia volti 36 hivi. Ziko na za volti 100. Hii ya pili huweza kukuza sauti dhaifu hata kilele cha volti 40. Lakini kwa volti hizo spika ya omu 8 hutaka ampea 5, na opampu haina hata ampea moja. Basi huwekwa transista kubwa mbili, moja ya kusukuma, moja ya kuvuta. Opampu huamuru, transista hubeba mzigo. Transista, iliyovumbuliwa Marekani mwaka 1947, huunguzwa na joto lake yenyewe. Kwa hiyo ifungwe juu ya bamba nene la alumini.

Tia fyuzi kwenye waya wa spika, maana transista ikifa yaweza kuiunguza. Na ukiisha kuzima umeme, usiguse kitu upesi: kapasita huweka umeme bado. Pima kwanza kwa mita.