Mwanga wa Karakana Upimwe Juu ya Meza ya Fundi

Jengo kubwa la karakana linapokamilika, wananchi hutazama kuta, mabati na upana wa milango. Maofisa wanaokwenda kulikagua huuliza mashine zimefika ngapi na saruji imetumika kiasi gani. Jambo moja huachwa mpaka mwisho, nalo ni taa. Katika zabuni taa huweza kuandikwa kwa mstari mmoja tu: idadi yake na bei yake. Sisi tunaamini kwamba mstari huo hautoshi, na kwamba upungufu wake hulipwa baadaye kwa macho na vidole vya vijana wetu, na kwa fedha za umma.

Karakana si ukumbi wa mikutano. Ndani yake mna msumeno wa duara, mashine ya kukereza chuma, mashine ya kutoboa na moto wa kuchomelea. Mna seremala anayefuata mstari wa penseli juu ya ubao, na fundi chuma anayesoma milimita kwenye rula huku kivuli cha kichwa chake kikiangukia kazi yake mwenyewe. Kwa hivyo swali la kwanza lisiwe taa ngapi zitatundikwa, bali ni mwanga kiasi gani utafika juu ya meza ya kazi. Mwanga huo hupimwa kwa luksi, kwa kifaa kidogo kinachoshikika mkononi. Viwango vya Ulaya, ambavyo wahandisi wengi huvitumia, hutaka luksi 300 kwa kazi za kawaida za chuma na za benchi la seremala, na luksi 500 pale penye mashine za mbao.

Tuchukue mfano wa jengo lenye urefu wa mita 30 na upana wa mita 15, yaani mita za mraba 450. Ili lipate luksi 300, lumeni 135,000 za mwanga hazina budi kufika mezani. Lakini si mwanga wote utokao katika taa unaofika chini. Mwingine humezwa na kuta na paa, na mwingine hupotea kadiri taa inavyozeeka na kushika vumbi. Tukikadiria kwamba nusu yake au pungufu kidogo ndiyo inayofika, taa zote pamoja yapasa zitoe lumeni 280,000 hivi. Taa nzuri ya LED ya wati 150 hutoa karibu lumeni 20,000, na taa 15 za namna hiyo, zikipangwa safu tatu za taa tano tano, zinatosha. Taa za mvuke wa zebaki za wati 400, ambazo kwa miaka mingi ndizo zilizotundikwa katika karakana za nchi nyingi, nazo zingehitajika kiasi cha 15. Idadi ni ile ile, lakini za zebaki pamoja na vifaa vyake hula zaidi ya wati 6,300, ilhali za LED hula wati 2,250. Kwa kazi ya saa 8, tofauti hiyo ni yuniti 33 za umeme kila siku.

Tunajua kwamba taa njema ina bei kubwa siku ya kununuliwa, na ofisa mwenye bajeti ndogo huvutwa na bei ya chini. Lakini taa hununuliwa mara moja, na umeme wake hulipiwa kila mwezi. Tena, biashara ya taa za zamani inafungwa. Mkataba wa Minamata juu ya zebaki, uliopitishwa mwaka 2013, uliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza na kuagiza taa za mvuke wa zebaki za matumizi ya kawaida. Mwaka 2023 nchi wanachama zilikubaliana kwamba taa za mirija nazo zikome ifikapo mwisho wa mwaka 2027. Anayejenga karakana leo na kuitia mirija anajiandalia siku ya kutafuta vipuri asivipate.

Hata hivyo, si kila taa iitwayo LED inafaa. Yako mambo mawili ambayo jicho la mnunuzi dukani haliyaoni. La kwanza ni rangi. Chini ya mwanga mbaya, waya wa kahawia na waya wa buluu huweza kufanana, na fundi umeme akakosea. Kipimo cha uaminifu wa rangi huhesabiwa hadi 100, na karakana isikubali taa iliyo chini ya 80. La pili ni kumetameta. Umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, na taa duni hung'aa na kufifia mara 100 kwa sekunde. Jicho halitambui, lakini gurudumu linalozunguka kwa kasi inayowiana na kufifia huko huonekana kana kwamba limesimama. Mwanafunzi akiamini alichokiona na kupeleka mkono, hasara yake hairudi. Dawa yake ni taa yenye kifaa kinachotuliza umeme, na zaidi ya hapo taa zilizo jirani zigawanywe katika fezi tatu tofauti, ili moja inapofifia nyingine iwe inang'aa.

Visiwa vyetu vina masharti yao pia. Hewa ya chumvi hula chuma. Kwa hivyo taa iwe imefungwa barabara isiingize vumbi wala unyevu, na minyororo na skrubu za kuitundikia ziwe za chuma kisichoshika kutu. Joto lililo chini ya mabati mchana hufupisha maisha ya LED. Basi taa ishushwe kidogo kutoka paani ili hewa ipite juu yake. Umeme nao hutujia kwa waya uliolazwa chini ya bahari. Unguja iliungwa na Bara kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba mwaka 1980, ukaongezwa waya wa megawati 100 mwaka 2013. Na Pemba iliungwa kutoka Tanga mwaka 2010. Hakuna Muunguja aliyesahau giza la takriban mwezi mzima la mwaka 2008, wala la miezi mitatu lililoanza Desemba 2009. Msumeno hausimami papo hapo umeme unapokatika. Huendelea kuzunguka gizani. Ndiyo maana kila karakana iwe na taa chache zenye betri, na vifaa vya kuzuia umeme unaorudi kwa nguvu usiunguze zilizobaki.

Aidha, tusisahau mwanga ambao hatuulipii. Jua letu la asubuhi na la jioni hupita chini na kuwapiga watu machoni. Kwa hivyo madirisha makubwa yaelekee kaskazini na kusini, na kuta za mashariki na magharibi ziwe na nafasi ndogo. Mabati machache ya kupitisha mwanga yatawanywe paani, na kuta zipakwe rangi nyeupe. Kila safu ya taa iwe na swichi yake, ili safu iliyo karibu na madirisha izimwe wakati wa mchana. Jengo lililopangwa hivyo huweza kufanya kazi saa nyingi kwa taa chache mno.

Kwa hayo yote, tunatoa mwito kwa wanaohusika na majengo ya umma. Katika zabuni iandikwe luksi zinazotakiwa mezani, kipimo cha rangi, utulivu wa mwanga na kinga ya chumvi. Siku ya kukabidhiwa jengo, mwanga upimwe usiku, meza kwa meza, mbele ya mkandarasi, na malipo ya mwisho yasubiri matokeo. Vipimo hivyo viandikwe katika buku la karakana na virudiwe kila mwaka, na tarehe za kusafisha taa ziandikwe humo humo. Wazee wetu walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na mwanga wa karakana ni mali.

Kwa upande wao, wananchi wenye vijana wanaojifunza kazi wasione haya kuuliza. Mzazi ana haki ya kujua mwanawe anashika msumeno chini ya mwanga gani. Jengo linalojengwa leo litatumiwa na mafundi wa miaka 30 ijayo, na ni vyepesi zaidi kuipanga taa vizuri kabla ya kutiwa waya kuliko kumfariji kijana aliyepoteza kidole.