Spea, kuni na pawa soo: lipa kwa mpango, si kwa haraka

Ni Jumamosi asubuhi, shambani kando ya Mto Tana. Pampu ya maji imezima katikati ya kumwagilia. Vitunguu bado vichanga, jua la Garissa halimsubiri mtu, na fundi anakwambia kwa simu: "Tuma pesa ya spea saa hii, nimwambie mtu wa Nairobi aiweke kwa basi ya leo." Unatuma. Ikifika saa kumi jioni, simu ya fundi imezimwa.

Pengine fundi si mwizi. Pengine betri imeisha, au yuko mahali hakuna mtandao. Lakini kwa sasa huna spea, huna pesa, na huna chochote kinachoonyesha pesa ile ilikuwa ya kazi gani.

Wikendi ndiyo siku za kazi kama hizi: kutengeneza pampu, kufyeka mathenge, kuleta kuni za wiki nzima. Pia ndizo siku ambazo benki na ofisi nyingi hufungwa au hufunga mapema, kwa hivyo karibu kila malipo yanapita kwa simu. Tumeandika makala hii ili kila shilingi unayotuma ifanye kazi uliyoikusudia. Kanuni yenyewe ni fupi: pesa ya spea iende dukani, pesa ya kazi iende kwa fundi, na pesa ya mzigo itoke mzigo ukishashushwa.

Kwanza, angalia vitu vidogo

Kabla ya kumwita fundi, jikague mwenyewe kwa dakika kumi. Mara nyingine hakuna spea ya kununua.

Pampu ikinguruma lakini maji hayapandi, angalia mpira wa kuvuta maji. Ukiwa na tundu dogo au umefungwa vibaya, pampu inavuta hewa badala ya maji. Angalia pia chujio lililo mtoni. Tana hubeba matope mengi, na chujio likiziba pampu haina la kufanya.

Pawa soo ikikataa kuwaka, anza na petroli. Je, imekaa kwenye tangi miezi mitatu? Imwage, uweke mpya. Fungua plagi, isugue na kuikausha. Toa chujio la hewa, ulikung'ute vumbi.

Usisahau oili. Injini ya pawa soo kwa kawaida haina oili yake ya ndani kama pampu nyingi za petroli. Oili yake huchanganywa na petroli. Soma kijitabu au kifuniko cha tangi. Kikisema 50 kwa 1, lita 5 za petroli zinataka mililita 100 za oili. Kikisema 25 kwa 1, weka mililita 200. Ukitia petroli tupu, pistoni itakwama na hapo hutalipia plagi, utalipia injini.

Spea: lipa duka, si njia

Tuseme fundi amekagua na kusema spea ni shilingi 3,500 na kazi yake ni 1,500. Usitume 5,000 mara moja. Fanya hivi:

1. Piga picha ya spea iliyoharibika na ile bati ya injini yenye namba ya modeli. Mtumie mwenye duka picha hizo, akuhakikishie anayo na bei ni ile ile.

2. Mwombe fundi namba ya malipo ya duka. Mazungumzo hayahitaji ugomvi: "Fundi, nipe tili ya duka, nilipe mwenyewe." "Sawa abti, naituma." Fundi mwaminifu hatakasirika. Hata yeye anapumua, kwa sababu spea ikiwa mbovu hataulizwa yeye.

3. Kabla ya kuweka PIN, soma jina linalotokea kwenye simu. Ukiambiwa ni duka la spea halafu jina linalotokea ni la mtu usiyemjua, simama. Uliza kwanza. Ukishabonyeza, kuuliza ni kazi ngumu zaidi.

4. Spea ikipakiwa kwenye basi, omba picha ya risiti ya mzigo. Nairobi hadi Garissa ni karibu kilomita 370, na barabara ina mambo yake. Mwishoni mwa 2023, na tena Aprili 2024, mafuriko ya Tana yaliikata upande wa Madogo. Risiti ya mzigo ndiyo itakayokwambia kama spea imechelewa au haijawahi kutumwa.

5. Ile 1,500 ya fundi itume pampu ikiwa imewashwa na maji yanatoka mbele ya macho yako. Akihitaji nauli au chakula, mpe sehemu ndogo mwanzoni, mkubaliane kwamba inatoka kwenye hiyo hiyo 1,500.

Kukodi pawa soo: visiki ni sehemu ya kazi

Mathenge haikuwa yetu. Ililetwa Kenya miaka ya 1970, na katika miaka ya 1980 ikapandwa sehemu kavu kama Baringo na Tana River ili kuzuia jangwa. Ilistawi kupita kiasi, ikafunga njia za mifugo na mashamba, na mwaka 2008 serikali ikaitangaza kuwa gugu hatari. Ndiyo maana wikendi utasikia pawa soo ikilia shambani.

Mathenge ukiikata juu ya ardhi tu, kisiki kinachipua tena. Baada ya mvua moja utadhani hukufanya kitu. Kwa hivyo ukikodi mtu mwenye pawa soo, kubalianeni mambo manne kabla ya injini kuwashwa: ni eneo gani, petroli na oili ni ya nani, mnyororo ukiisha makali ni gharama ya nani, na visiki vitang'olewa na nani. Mti huu ni mgumu, na mnyororo ukigusa mchanga unakuwa butu upesi, kwa hivyo hilo la tatu huleta kelele nyingi.

Halafu gawa malipo. Kwa mfano, nusu miti ikilala, nusu visiki vikitoka. Andika makubaliano hayo kwa meseji fupi umtumie, naye ajibu "sawa". Meseji hiyo pamoja na rekodi ya malipo ni ushahidi tosha hata mbele ya wazee.

Na jambo lisilo la pesa: mwenye kushika pawa soo avae viatu vigumu, glavu na kitu cha kukinga macho. Mwiba wa mathenge hutoboa gurudumu la mkokoteni, sembuse ndara.

Kuni: hesabu kwanza, tuma baadaye

Mkokoteni wa punda ukifika mlangoni, usitume pesa kuni zikiwa bado juu. Mkokoteni mmoja si sawa na mwingine, na kuni zilizopangwa kwa ujanja huwa na pengo katikati. Acha zishushwe. Chukua vipande viwili uvigonganishe: kuni kavu hulia kwa sauti kali, kuni mbichi hutoa sauti nzito. Ukiridhika, lipa pale pale na mwenye punda asubiri meseji yake iingie.

Wewe unayeuza kuni, nawe jilinde. Mteja akikuonyesha kwenye simu yake kwamba "imeshaenda", usigeuze punda bado. Angalia salio lako mwenyewe. Meseji ya kweli huja kwa jina la kampuni, haiji kutoka namba ya kawaida ya mtu. Salio halijapanda? Basi hujalipwa, hata meseji ikiwa nzuri namna gani.

Ukisafirisha makaa ya kuuza, kumbuka yanahitaji kibali. Uliza ofisi ya KFS iliyo karibu nawe kabla ya kupakia. Kibali ni rahisi kuliko mzigo kushikwa njiani.

Mtandao ukikatika, usitume mara ya pili

Hili hutokea sana ukiwa mbali na mji. Umeweka PIN, mtandao umepotea, hujaona meseji. Fundi anasema hajapata. Mkono unawasha kutuma tena. Ngoja. Tafuta mahali penye mtandao, angalia salio, kisha angalia orodha ya malipo yako. Kama pesa imetoka, ya kwanza ilienda. Ukituma ya pili, sasa una kazi ya kuomba kurudishiwa.

Na ukikosea namba, tupigie mara moja, hata kama ni Jumapili. Pesa ikiwa bado iko kwenye laini ya aliyeipokea, kuna nafasi nzuri ya kusaidia. Akishaitoa kwa ajenti, nafasi hiyo inapungua sana. Usipoteze saa nzima ukimbembeleza mtu ambaye hapokei simu.

Kinyume chake, mtu akikupigia akisema "nimekutumia kimakosa, nirudishie haraka", usimtumie wewe mwenyewe. Angalia salio kwanza. Kama pesa kweli imeingia, mwambie apigie huduma kwa wateja ili irudishwe kwa njia rasmi. Na sisi kamwe hatutakuomba PIN, iwe kwa simu, kwa meseji au kwa mtu aliyevaa fulana yetu.

Mkinunua pamoja

Pampu au pawa soo ni pesa nyingi kwa mtu mmoja, ndiyo maana majirani wengi huchanga, au mtu hungoja zamu yake ya hagbad. Msiweke mchango kwenye laini ya mtu mmoja. Siyo kwa sababu hamumwamini. Simu huibiwa, na mtu huugua. Fungueni akaunti ya kikundi ambayo kutoa pesa kunahitaji idhini ya zaidi ya mtu mmoja, na kila mwanachama aone kilichoingia na kilichotoka.

Sasa rudi kwa yule mkulima wa asubuhi. Angelipa duka moja kwa moja, hata fundi angezima simu siku nzima, spea ingekuwa kwenye basi na jina la duka lingekuwa kwenye meseji yake. Angetafuta fundi mwingine Jumapili, na vitunguu vingepata maji kabla ya Jumatatu.