Mdomo Juu ya Boneti: Wa Kazi au wa Pambo?



Mzee mmoja, mkulima wa kahawa upande wa Kilimanjaro, ametuletea neno ambalo pengine wazazi wengine nao wanalo nyumbani. Mwanawe ana gari dogo la Kijapani, lililokwisha tumika kwao kabla ya kuletwa huku, na kwa gari hilo huchukua watu na ndizi kwenda sokoni. Gari hilo ndilo linalomlipia karo dada yake. Sasa kijana ameona mjini magari yenye mdomo juu ya boneti, na mdomo huo umemwingia moyoni. Anataka fedha za kahawa, boneti itobolewe, mdomo uwekwe, na nyuma lifungwe bawa. Amemwambia baba yake: "Baba, gari litapumua. Litapanda mlima bila kushusha gia." Mzee anauliza: Je, kijana asema kweli, au amedanganywa na mafundi?

Swali ni zuri, na halijibiwi kwa "ndiyo" tupu wala kwa "hapana" tupu. Twende pole pole.

Motokaa hula nini? Utasema petroli. Hiyo ni nusu ya jibu, tena nusu iliyo ndogo. Ili kilo moja ya petroli iungue vizuri, yatakiwa hewa kilo 14 na nusu hivi. Ukipima kwa lita utashangaa zaidi: lita moja ya petroli yataka hewa karibu lita 9,000, yaani hewa yote ya chumba chenye urefu wa mita mbili, upana wa mita mbili na kimo cha mita mbili na robo. Kila mama ajua jambo hili ingawa hakulisoma chuoni, maana jiko la mkaa likizubaa haongezi mkaa, bali hulipepea. Injini nayo ni hivyo hivyo. Pistoni ikishuka katika silinda huvuta hewa kama pampu ya baiskeli. Kuongeza petroli si kazi ngumu. Kazi ngumu ni kuingiza hewa ya kutosha kuiunguza.

Tena hewa si sawa siku zote. Ya moto hutanuka ikawa nyepesi. Ya baridi hushikamana, na katika silinda ile ile huingia nyingi zaidi. Ukichukua hewa ya nyuzi 60 za sentigredi, na nyingine ya nyuzi 30, ile ya moto imepungua karibu sehemu 9 kwa 100. Na chini ya boneti, karibu na rejeta na bomba la moshi, ni mahali pa joto kweli. Basi watu walisema: Kwa nini injini ivute hewa ya jikoni, na hewa safi ipo nje? Wakatoboa boneti. Hiyo ndiyo asili ya mdomo.

Waliopenda sana mambo haya ni Waamerika, hasa katika miaka ya 1960. Kwao kuna mashindano ya magari mawili kukimbia sambamba kwa mstari ulionyooka, robo maili tu, kama mita 400, na aliyetangulia ameshinda. Mwaka 1964 kampuni ya Ford ilitengeneza gari la mashindano hayo lililoitwa Thunderbolt, lenye injini ya lita saba. Lilikuwa na nafasi ya taa nne mbele. Wakaziondoa mbili za katikati, wakatia wavu mahali pake, na kutoka hapo wakapitisha mabomba mawili manene mpaka juu ya kabureta. Gari lilivuta pumzi kwa matundu ya macho! Lakini halikuwa pambo. Hewa iliingia kweli.

Mwaka ule ule wa 1964 Pontiac walitoa gari lao GTO, lenye midomo miwili mizuri juu ya boneti. Ukiinua boneti na kutazama kwa chini, huoni tundu lo lote. Ilikuwa imezibwa. Mwaka uliofuata mdomo ukawa mmoja, nao pia umezibwa, ila mwenye gari aliweza kununua dukani vifaa vya kuufungua. Angalia basi, msomaji: mdomo wa kweli na mdomo wa uongo walizaliwa karibu pamoja, kama Esau na Yakobo.

Baadaye kila kampuni ilikuja na ufundi wake. Ford Mustang ya 1969 iliweza kupata mdomo uliofungwa juu ya injini yenyewe na kutokeza katika tundu la boneti. Injini ikitetemeka, mdomo nao watetemeka, na dereva auona mbele yake ukicheza. Plymouth Road Runner ya 1970 iliweza kuwa na kifuniko kilicholala kimya juu ya boneti. Dereva akibonyeza kitufe, kifuniko huinuka, na ubavuni kimechorwa meno kama ya samaki papa, ili yule wa gari la pili aogope. Mimi naona mchezo huo ni wa kitoto kidogo, lakini tundu lake lilikuwa la kweli. Chevrolet walikuwa na akili nyingine. Walitambua kwamba gari likienda, hewa hujazana chini ya kioo cha mbele, kwa hiyo katika Chevelle ya 1970 waliugeuza mdomo uelekee nyuma, kwenye kioo. Mtu asiyejua atasema umewekwa kinyume.

Sikukuu hiyo haikudumu. Bima ya magari yale ikawa ghali mno kwa vijana. Mwaka 1970 serikali ya Marekani ilitoa sheria kali ya kusafisha hewa, na mwaka 1973 mafuta yakaadimika. Injini zikapunguzwa nguvu. Midomo lakini haikuondoka! Katika magari mengi ilibaki juu ya boneti, imezibwa, kama mtu aliyestaafu jeshi asiyetaka kuvua kofia.

Sasa turudi kwa kijana wetu. Yeye adhani kwamba gari likikimbia, upepo utasukumwa kwa nguvu ndani ya mdomo mpaka injini ishibe. Hesabu yakataa. Kwa mwendo wa kilometa 100 kwa saa, upepo ukizuiwa kabisa waongeza mkazo wa hewa usiofika hata nusu ya sehemu moja kwa 100. Kwa kilometa 200 kwa saa waongeza sehemu mbili kwa 100, haifiki. Na katika kupanda mlima na watu wanne na mikungu ya ndizi, kilometa 30 kwa saa, waongeza kiasi gani? Si kitu. Faida iliyopo ni ile ya hewa baridi peke yake, na magari mengi ya siku hizi yametengenezwa tayari kuvuta hewa ya nje, kwa bomba lililofichwa nyuma ya taa au juu ya rejeta. Basi kijana atalipa fundi ampe kitu ambacho labda alikuwa nacho tangu siku ya kwanza.

Kwa nini basi gari lake lachoka mlimani? Sababu moja si kosa lake wala la gari. Kadiri upandavyo ndivyo hewa inavyokuwa nyepesi. Kwenye kimo cha mita 1,500, hewa ni pungufu karibu sehemu 14 kwa 100 kuliko ya pwani, na injini ya kawaida hupoteza nguvu karibu kiasi hicho hicho. Mdomo hauponyi jambo hilo. Kinachoponya ni turbo, yaani feni inayozungushwa na moshi wa injini yenyewe na kuishindilia hewa ndani ya silinda.

Na hapa mdomo unapata kazi ya kweli. Shika pampu ya baiskeli, pampu tairi kwa haraka, kisha gusa chini ya pampu: ni moto. Turbo ni hivyo hivyo; hewa ikishindiliwa huchemka, na tumekwisha sema ubaya wa hewa ya moto. Kwa hiyo hupitishwa kwanza katika rejeta ndogo ya kupoza hewa, mafundi huiita intakula. Katika Subaru Impreza WRX, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1992, intakula imelazwa juu ya injini, na mdomo wa boneti huipulizia upepo. Pikapu nyingine za Toyota Hilux za dizeli zina mdomo kwa sababu hiyo hiyo. Yaani hewa ile ya mdomoni haiendi kuunguzwa kabisa. Kazi yake ni kupoza. Kijana aliyeona Subaru mjini aliona kitu cha kweli. Lakini akitoa mdomo wa Subaru na kuufunga juu ya injini isiyo na turbo wala intakula, ni kama kumvalisha miwani mtu mwenye macho mazima.

Tena Subaru twazijua sisi wa Afrika ya Mashariki. Mbio za Safari zilianza mwaka 1953, kwa ajili ya kutawazwa Malkia Elizabeth, zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1997 alishinda Colin McRae katika Subaru Impreza, na mwaka 2000 Richard Burns katika gari la namna ile ile. Je, magari ya Safari yalivutia wapi hewa ya injini? Tazama picha zake: mengi yana bomba linalopanda pembeni ya kioo cha mbele mpaka usawa wa paa. Watu wale, wenye mafundi hodari na fedha nyingi, walipofika katika barabara zetu waliona kwamba adui ni vumbi na maji ya mito. Wakaipeleka pua juu.

Hilo ndilo linalonitia hofu juu ya boneti ya kijana. Akitoboa, mvua ya masika itaingia juu ya nyaya na plagi. Na ikiwa fundi ataelekeza mdomo moja kwa moja kwenye injini bila kupita katika chujio la hewa, kama wengine wafanyavyo ili gari lingurume, vumbi litaingia silindani. Vumbi ni mchanga uliosagwa. Litakwangua silinda na ringi za pistoni, gari litaanza kula oili na kutoa moshi wa buluu, na karo ya binti itakuwa imekwenda na moshi huo.

Bawa la nyuma nalo nilitaje kwa ufupi. Dodge Charger Daytona ya 1969 ilikuwa na bawa refu nyuma, la kulikandamiza gari chini. Tarehe 24 Machi 1970, huko Talladega, Alabama, gari la namna hiyo lilizunguka uwanja kwa mwendo uliopita maili 200 kwa saa, yaani kilometa 322. Kwa mwendo ule bawa ni la lazima. Lakini nguvu ya upepo hupungua upesi mwendo upunguapo. Kwa kilometa 60 kwa saa bawa lile lingekandamiza kwa karibu sehemu moja ya 28 tu. Kwa njia ya sokoni latosha kuanikia nguo.

Nisidhaniwe kwamba nayachukia magari ya fahari. Mwezi wa Novemba 2017 kampuni ya Lamborghini ilimpa Baba Mtakatifu Fransisko, ambaye sasa ni marehemu, gari jeupe aina ya Huracán, lenye silinda kumi nyuma ya kiti cha dereva na midomo ya hewa ubavuni. Alilibariki, akatia sahihi yake juu ya boneti, asiliendeshe. Mwaka 2018 likauzwa kwa mnada kwa euro zaidi ya 700,000, na fedha zikaenda katika kazi za huruma, zikiwemo nyumba za Wakristo waliofukuzwa makwao huko Ninawi, nchi ya Iraki. Boneti isiyotobolewa, na ona thamani yake.

Mzee wangu, jambo moja la magari ya mbio ndilo ningependa mwanao aliige, nalo halionekani barabarani: breki na matairi. Kwenye lami kavu, gari zuri la kilometa 50 kwa saa husimama mita 14 hivi baada ya breki kushika. Kwa kilometa 100 si mita 28, ni 56. Mwendo ukizidi mara mbili, umbali huzidi mara nne. Kwenye changarawe, na matairi yenye upara, usiniulize. Na hao walioketi ndani ni majirani zako.

Mwambie kijana hivi. Aende mjini kwa yule mwenye gari alilolipenda, aombe kwa adabu boneti iinuliwe, atazame chini ya mdomo. Akikuta intakula, amekuta mdomo wa kazi. Akikuta bati lililozibwa, au plastiki iliyogandishwa kwa gundi, amekuta kofia. Kisha afungue lake mwenyewe, atoe chujio la hewa, aligonge-gonge aone vumbi lake.

Mzee amekwisha tujibu. Kijana alikwenda, na gari la kwanza aliloonyeshwa lilikuwa na gundi. La pili lilikuwa na intakula. Chujio lake mwenyewe lilikuwa jeusi kama chungu. Amenunua jipya, pamoja na matairi mawili ya mbele, na gari lapanda afadhali kidogo, ingawa gia hushusha bado. Habari ya bawa ameiacha. Habari ya mdomo, asema mzee, ataileta tena msimu ujao wa kahawa.