Je, Wajua? Mkunga, Mzika Maiti na Mapenzi ya Wazazi Wapweke

Je, wajua kuwa mwaka 2003 televisheni ya ITV ya Uingereza ilianza kuonyesha tamthilia ya mapenzi ambayo bwana ni mwenye kampuni ya mazishi na bibi ni mkunga? Jina lake ni William and Mary. William Shawcross ni mgane mwenye mabinti, Mary Gilcrest analea wanawe wa kiume, na wawili hao wanakutanishwa na wakala wa kutafutia watu wachumba. Mmoja huwapokea watu duniani, mwingine huwasindikiza wakitoka. Ungedhani hapo pana msiba mtupu, kumbe ndipo kilipolala kichekesho: kazi zote mbili hazina saa. Uchungu wa kuzaa hauulizi kama umekwisha kuagiza chakula hotelini, wala kifo hakingoji Jumatatu asubuhi. Wapenzi wa tamthilia nyingi hutenganishwa na mama mkwe mkorofi au siri ya zamani. Hawa hutenganishwa na simu, pamoja na swali la nani atabaki na watoto usiku wa leo.

Je, wajua kuwa jina hilo ni utani wa kifalme? Mfalme William wa Tatu na Malkia Mary wa Pili walitawazwa pamoja London tarehe 11 Aprili 1689, wote wawili wakiwa watawala kamili. Kiti cha kutawazia kilikuwa kimoja, ikabidi Mary atengenezewe chake. Walikuwa binamu. Siku ya harusi yao, 4 Novemba 1677, bwana arusi alikuwa anatimiza miaka 27, bibi arusi ana miaka 15 na tayari amempita mumewe kwa urefu. Inasimuliwa kuwa alipoambiwa ataolewa na nani, alilia mchana kutwa na siku iliyofuata. Ndoa ikatulia baadaye, tena wakapendana, lakini watoto hawakujaliwa. Ndui ilimuua Mary mwaka 1694. Wale wa ITV wako kinyume kabisa: watoto walitangulia, mapenzi yakafuata nyuma yakihema.

Je, wajua kuwa sheria ya Uingereza ya kuwasajili wakunga na ile ya kusimamia uchomaji wa maiti zote zilipitishwa mwaka mmoja, 1902? Sijui kama mwandishi wa tamthilia alilikumbuka hilo. Kama hakulikumbuka, bahati ilimwandikia.

Na hii sheria ya kuchoma maiti ina kisa chake. Mwaka 1884, katika mji wa Llantrisant huko Wales, daktari mmoja aitwaye William Price, mzee wa miaka 83 aliyejiita kuhani wa dini ya kale, alifiwa na mwanawe mchanga. Mtoto aliitwa Iesu Grist, yaani Yesu Kristo kwa lugha ya Wales. Mzee akaupandisha mwili mlimani akauwasha moto. Watu wakamvamia, polisi wakamkamata, kesi ikasikilizwa Cardiff. Jaji akaamua kwamba kuchoma maiti si kosa maadamu hakuwaletei watu wengine kero. Price akaachiwa. Mama wa mtoto alikuwa mtumishi wake wa nyumbani, msichana ambaye Price kwa umri alitosha kuwa babu yake, na mtoto wa kiume aliyefuata akapewa jina lile lile. Mzee alipokufa mwaka 1893 naye alichomwa mlimani, na inakadiriwa watu 20,000 walifika kutazama. Leo wafu wengi wa Uingereza huchomwa, na wanaozikwa ardhini ndio wachache.

Wajua pia kuwa huko mazishi husubiri wiki mbili au tatu baada ya kifo? Kwa msomaji wa Lamu au Zanzibar, aliyezoea maiti kuzikwa siku ile ile, hili ni gumu kumeza. Lakini ndilo linalompa William nafasi ya kuwa mhusika: familia zinakuja kwake, zinakaa, zinagombana, zinachagua jeneza, zinarudi tena kesho. Siku yenyewe ikifika, mwenye kampuni hutembea kwa miguu mbele ya gari la maiti, kofia ndefu nyeusi na fimbo mkononi, hatua za polepole, kisha huingia garini safari ikaendelea.

Je, wajua kuwa wakati William akizika watu kwenye runinga, sheria ya England haikumtaka mtu awe na leseni yoyote ili afungue kampuni ya mazishi? Upande wa Mary mambo ni mengine. Asiye mkunga aliyesajiliwa wala daktari akimzalisha mama bila dharura, amefanya kosa la jinai. Wanaume nao walizuiliwa ukunga kwa muda mrefu. Vikwazo viliondolewa mwaka 1983 tu.

Muda unaoruhusiwa kuandikisha kuzaliwa kwa mtoto England: siku 42. Kuandikisha kifo: siku 5.

Je, wajua kuwa tangazo la kutafuta mchumba lilichapwa London tangu mwaka 1695? Bwana wa miaka kama 30, mwenye mali nzuri kwa maneno yake mwenyewe, alitaka binti mwenye utajiri wa pauni 3,000 hivi. Kwa enzi ile hizo si pesa za kutajwa kwa pumzi moja, na bwana hakusema lolote kuhusu sura yake. Washenga wa kulipwa wenye ofisi walikuja baadaye: mwezi Aprili 1939 wanawake wawili vijana, Heather Jenner na Mary Oliver, walifungua ofisi ya kuunganisha wachumba mtaa wa Bond Street, miezi michache kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. William na Mary walikutana kwa njia hiyo ya kizamani, wakati tovuti za wachumba ndiyo kwanza zinashika kasi.

Martin Clunes, aliyeigiza William, alifahamika kwanza kwa tamthilia ya vichekesho Men Behaving Badly, akiwa mhuni mlevi wa kochi. Kumpa yeye koti jeusi la mazishi kulihitaji ujasiri, na ulilipa. Mwaka 2004, William and Mary ikiwa bado hewani, akaanza Doc Martin, tamthilia ya daktari anayeogopa damu, iliyodumu hadi 2022. Mtayarishaji wake, Philippa Braithwaite, ni mkewe. Lakini wajua kuwa Clunes amefika hifadhi ya Kora, Kenya? Mwaka 2014 ITV ilionyesha kipindi chake kuhusu Mugie, mtoto wa simba aliyelelewa huko na Tony Fitzjohn, msaidizi wa zamani wa George Adamson aliyeitwa Baba ya Simba. Mugie aliuawa na fisi. Fitzjohn ndiye pia aliyetumia miaka mingi kuifufua hifadhi ya Mkomazi, Tanzania.

Julie Graham, yaani Mary, ni Mskoti. Wapenzi wa tamthilia za upelelezi watamkumbuka katika The Bletchley Circle na Shetland.

Je, wajua kuwa chama kikongwe cha kutetea wazazi wanaolea peke yao Uingereza kilianzishwa mwaka 1918 na Lettice Fisher, kwa ajili ya akina mama waliozaa bila ndoa? Wakati ule binti wa aina hiyo alifichwa kama deni. Baadaye rais wa chama hicho alikuwa J. K. Rowling, ambaye kitabu chake cha kwanza cha Harry Potter alikimaliza akiwa singo maza Edinburgh. Mwaka 2007 kiliungana na kingine kiitwacho Gingerbread, kilichoanza 1970.

Na wajua kuwa kuna mwanamume aliyejitungia mtoto ili apate wanawake wenye watoto? Ni wa kubuni, Will wa riwaya ya Nick Hornby, About a Boy, ya mwaka 1998. Anadai ana mvulana wa miaka miwili aitwaye Ned, anajiunga na kikundi cha wazazi wapweke, na anaweka kiti cha mtoto ndani ya gari.

Mwisho, mwandishi wa William and Mary. Mick Ford alikuwa mwigizaji kabla ya kuandika. Katika filamu ya Scum ya 1979 ndiye Archer, mfungwa kijana msomi anayewasumbua mabwana jela kwa maneno matupu. Mwaka 2010 alilirudia suala la mzazi anayelea peke yake, safari hii BBC, bila vichekesho vingi, katika Single Father. David Tennant anaigiza mpigapicha wa Glasgow aliyebaki na watoto baada ya mama yao kufa ajalini. Anampenda mwanamke mwingine mapema kuliko majirani wanavyoona inafaa, na mwanamke huyo ni rafiki mkubwa wa marehemu.