Unabonyeza yako, unaruka wa jirani!

Wiki hii najianika mwenyewe. Ukimaliza kusoma, ruksa kucheka.

Ilikuwa mwaka 2013, sendofu ya dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, pale Sinza, Dar es Salaam. Mimi nilipewa kazi ya picha za ukutani: bi harusi tangu anatambaa. MacBook ya mtumba mezani, rimoti nyeupe mkononi, najiona bosi! Kumbe mpiga muziki naye ana MacBook, tena tuko meza moja.

Mama mkubwa kasimama kumkabidhi mwanawe kwa wakwe. Muziki wa taratibu, watu wanafuta machozi. Nikabonyeza picha ifuatayo. Loh! Picha ikaja, na muziki nao ukaruka, mduara ukalia ukumbi mzima! Nikabonyeza kurudisha, mambo yakazidi kuharibika. Wakwe macho pima.

"We mtoto, umetumwa?" mama mkubwa akafoka kwenye maiki.

Siku ile sikujua, leo najua. Rimoti hizi, ambazo Apple ilianza kuzitoa mwaka 2005, hutuma mwanga usioonekana kwa macho. Mwanga hauchagui. Mac yoyote yenye kipokezi iliyo mbele yako inatii, mpaka uifungishe ndoa na rimoti moja.

Ndoa yenyewe haina mahari. Ingia kwa akaunti ya msimamizi, sogeza rimoti karibu kabisa na kompyuta, kisha shikilia Menu na kitufe cha kwenda mbele kwa pamoja, sekunde 5. Ukiona picha ya mnyororo kwenye skrini, tayari. Kuanzia hapo kompyuta hiyo inasikia rimoti hiyo tu. Talaka inatolewa kwenye mipangilio ya usalama, na hapohapo unaweza kuzima kipokezi kabisa.

Sasa sikia, hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Ukifunga yako peke yake, ya jirani bado itaitika ukibonyeza. Lazima naye afunge ya kwake, au azime kipokezi.

Mac mini ya mwaka 2014 ilikuwa ya mwisho kuja na kipokezi. Kwa kompyuta mpya kuna kidude cha USB kiitwacho Flirc, unakifundisha vitufe vya rimoti yako ya tivii.

Dada ameshazaa wawili. Mama mkubwa? Kila nikialikwa shughuli ananiuliza kwanza: "Ile rimoti umeiacha nyumbani?"