Viambajengo vya Kigiriki na Kilatini katika Istilahi za Sayansi: Ushahidi kutoka Milima ya Uluguru

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna viambajengo vya Kigiriki na Kilatini vinavyofanya kazi katika istilahi za sayansi. Data zimetokana na majina ya kisayansi ya viumbe wa Milima ya Uluguru pamoja na istilahi za Kiswahili za biolojia na kilimo. Makala yanadai kwamba asili ya istilahi, iwe ya kigeni au ya Kibantu, si kigezo cha kutosha cha kuikubali au kuikataa. Kigezo chenye manufaa zaidi ni uwazi wa kimofolojia: je, msomaji anaweza kuvitambua viambajengo vya neno na kuvitumia kufasiri maneno mengine?

1.0 Utangulizi

Mji wa Morogoro umekaa chini ya miteremko ya kaskazini ya Milima ya Uluguru, ambayo ni sehemu ya Tao la Mashariki. Misitu ya milima hiyo ina viumbe wasiopatikana kwingineko duniani, na kila kiumbe aliyeelezwa na wanasayansi ana jina lenye umbo la Kilatini. Chini ya milima hiyohiyo kipo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kilichoanzishwa mwaka 1984. Humo elimu ya mimea, wadudu na udongo hutolewa kwa Kiingereza, na sehemu kubwa ya istilahi zake zimeundwa kwa mizizi ya Kigiriki na Kilatini. Mhitimu wake, akipelekwa Mgeta au Matombo kuwa afisa ugani, hulazimika kuyaeleza maarifa hayo kwa Kiswahili mbele ya mkulima ambaye huenda nyumbani huzungumza Kiluguru. Istilahi isiyoeleweka hapo haibaki kuwa tatizo la kamusi tu. Inaweza kumfanya mkulima anyunyize dawa isiyofaa katika shamba lake.

2.0 Njia Tatu za Kuingia

Kigiriki na Kilatini vimeingia katika Kiswahili kwa njia tatu. Njia ya kwanza na kongwe zaidi ni Kiarabu. Neno kanuni linatokana na Kigiriki kanōn, falsafa linatokana na philosophia, kalamu linatokana na kalamos, na karatasi hunasibishwa na khartēs. Maneno haya yamezoeleka kiasi kwamba mzungumzaji wa leo hayaoni kuwa ya Kigiriki. Njia ya pili ni Kiingereza, ambacho kimeleta biolojia, jiolojia, atomi, bakteria na mengine mengi. Taaluma yetu wenyewe ya isimu imejaa maneno ya njia hii: fonimu, mofimu, sintaksia na leksikografia. Njia ya tatu ni majina ya kisayansi ya viumbe, ambayo hutumika yalivyo katika maandishi ya lugha zote.

Ikumbukwe kwamba Kilatini chenyewe kiliwahi kuwa katika hali inayofanana na ya Kiswahili leo. Warumi walipokea elimu kutoka kwa Wagiriki na wakahitaji maneno. Cicero aliunda qualitas ili kufasiri neno la Kigiriki poiotēs, 'namna kitu kilivyo'. Vilevile, insectum, 'kilichokatwa vipande', ni tafsiri ya moja kwa moja ya Kigiriki entomon, kwa kuwa mwili wa mdudu umegawanyika pingili pingili. Maneno mengine yalikuwa ya kawaida kabla ya kupewa kazi ya kitaalamu: cella ilikuwa chumba kidogo, na nucleus ilikuwa kokwa au kiini cha tunda. Kiswahili kilipochagua seli kilikopa cella kupitia Kiingereza, na kilipochagua kiini kilifanya kilekile Kilatini kilichofanya, yaani kulipa neno la kila siku maana mpya ya kisayansi. Kwa hiyo, kukopa, kufasiri na kupanua maana ni mbinu za zamani, na hakuna iliyo ya aibu.

3.0 Mofolojia ya Majina ya Viumbe wa Uluguru

Mfumo wa jina lenye maneno mawili uliimarishwa na Carl Linnaeus katika maandishi yake ya mwaka 1753 kuhusu mimea na ya mwaka 1758 kuhusu wanyama. Neno la kwanza hutaja jenasi, la pili hutaja spishi. Ndege Malaconotus alius, aliyeelezwa mwaka 1927 na anayepatikana Uluguru pekee, ana jina la lugha mbili. Malakos ni 'laini' na nōton ni 'mgongo' katika Kigiriki. Alius ni 'mwingine' katika Kilatini. Jina zima linamtaja 'mgongo-laini mwingine'.

Mfano unaomhusu zaidi mwanaisimu wa Kiswahili ni wa vinyonga. Kinyonga mmoja wa Uluguru na Udzungwa mwenye pua iliyochongoka aliwahi kuitwa Bradypodion oxyrhinum. Neno la pili limeundwa kwa oxys, 'kali, iliyochongoka', na rhis (rhinos), 'pua'. Mwaka 2006 vinyonga wa kundi hilo waliwekwa katika jenasi mpya, nayo ikaitwa Kinyongia, kutokana na neno la Kiswahili kinyonga. Oxyrhinum likawa oxyrhina. Sababu ni upatanisho wa kisarufi: Bradypodion ni nomino ya jinsi isiyo ya kiume wala ya kike, ilhali Kinyongia ni ya jinsi ya kike, na kivumishi hufuata jinsi ya nomino yake. Mzungumzaji wa Kiswahili hana haja ya kushangaa. Nasi tukibadili nomino kutoka mti hadi kiti, mrefu huwa kirefu. Tofauti ni kwamba upatanisho wa Kilatini hukaa mwishoni mwa neno, na wetu hukaa mwanzoni.

Kinyongia linaonesha pia hasara na faida za ukopaji. Irabu -a ya mwisho, ambayo kwetu ni sehemu ya shina -nyonga, imeondolewa kana kwamba ni kiambishi, kisha -ia ikaongezwa. Kiambishi ki-, ambacho kwetu hupishana na vi- katika wingi, kimepoteza kazi yake na kuwa silabi tupu. Jina la milima yenyewe limepata mabadiliko ya namna hiyo. Katika Uluguru, u- ni kiambishi cha mahali kinacholinganishwa na m- ya Mluguru, wa- ya Waluguru na ki- ya Kiluguru. Kilatini kimeongeza -ensis, 'wa mahali fulani', tukapata uluguruensis katika Kinyongia uluguruensis. Dhana ya mahali sasa imewekewa alama mara mbili, mwanzoni kwa Kibantu na mwishoni kwa Kilatini. Katika jina la mti Allanblackia ulugurensis, irabu u ya mwisho imedondoshwa. Milima ni ileile, maumbo ni mawili, na yote mawili ni halali kwa kuwa kila jina hubaki na tahajia ya aliyelitoa.

4.0 Kiswahili Kinavyojibu

Mchakato huo hutokea pia kwa kinyume. Kitabu lilikuja kutoka Kiarabu, ambako ki- si kiambishi, Kiswahili kikalichanganua upya na kupata vitabu. Neno la Kilatini virus, 'sumu', limepita katika njia hiyo. Liliingia likiwa virusi. Silabi vi- ikafasiriwa kuwa kiambishi cha wingi, na umoja kirusi ukazaliwa. Hata hivyo, mchakato huu si wa lazima: vitamini, lenye mzizi vita, 'uhai', limebaki katika ngeli ya I-/ZI- na halikuzaa *kitamini katika Kiswahili sanifu. Bakteria, ambalo ni umbo la wingi katika Kilatini, kwetu hutumika kwa umoja na wingi bila mabadiliko. Kila lugha inayopokea hutumia sarufi yake, na haipaswi kulaumiwa kwa hilo.

5.0 Uwazi wa Kimofolojia

Hoja ya msingi ni kile msomaji anachokiona ndani ya neno. Katika Kiingereza, -cide hutokana na Kilatini caedere, 'kuua', na hujirudia katika istilahi za dawa za wadudu, magugu na kuvu. Kiswahili kimeunda mfululizo wake: kiuadudu, kiuagugu, kiuakuvu, na katika tiba kiuavijasumu. Muundo ni kiambishi ki-, kitenzi ua, kisha nomino ya kinachouawa. Mkulima wa Mgeta ambaye hajawahi kuliona neno kiuakuvu anaweza kulifasiri akisimama dukani. Zaidi ya hayo, kiuagugu ni sahihi kuliko neno la Kilatini lililojengwa juu ya herba, 'majani', kwa sababu gugu ni mmea usiotakiwa, si kila jani. Kasoro ipo pia: mdudu katika matumizi ya kila siku ana maana pana kuliko insectum, na mtaalamu hana budi kuiwekea mipaka.

Pale tunapokopa, uwazi huvurugwa na tahajia zisizolingana. Kigiriki bios, 'maisha', huandikwa bio- katika biolojia, lakini hukutwa pia bayolojia, na bioanuwai hushindana na bayoanuwai. Hydōr, 'maji', huonekana katika hidrojeni na haidrojeni. Maumbo ya bayo- na haidro- yanafuata matamshi ya Kiingereza. Ya bio- na hidro- yanafuata umbo la asili. Mwanafunzi anayekutana na yote hawezi kujua kwamba mzizi ni mmoja. Anayehama kutoka shule ya msingi kwa Kiswahili kwenda sekondari kwa Kiingereza hupoteza daraja ambalo lingemvusha, maana bio- na hidro- ndizo zinazofanana kimaandishi na istilahi atakazozikuta.

Kutokana na uchambuzi huu, mapendekezo matatu yanatolewa kwa wanaosanifisha na wanaofundisha istilahi. Kwanza, mzizi mmoja wa kukopwa uwe na tahajia moja katika masomo yote. Pili, pale ambapo Kiswahili kina kiambajengo chenye uzalishi, kama kiua-, kipewe nafasi ya kwanza. Tatu, kamusi za istilahi na vitabu vya kiada vioneshe viambajengo vya kila istilahi na maana zake. Usanisinuru na fotosinthesisi si maadui: la kwanza linamwonesha mwanafunzi 'nuru', na la pili, akielezwa kwamba phōs ni nuru, linamfungulia pia maneno mengine yaliyojengwa kwa mzizi huo.

6.0 Hitimisho

Makala yameonesha kwamba Kigiriki na Kilatini vimo katika sayansi kama akiba ya viambajengo, na kwamba akiba hiyo hupokea pia: kinyonga wetu amekuwa Kinyongia, na Uluguru imepata -ensis. Mjadala wa istilahi uliojikita katika swali la 'neno hili ni letu au la kigeni' hautufikishi mbali, kwa kuwa hata nuru na anuwai tunazozitumia kama mbadala zilitoka Kiarabu. Swali linalofaa kuulizwa mbele ya kila istilahi ni kama mwanafunzi wa Morogoro na mkulima wa Matombo wanaweza kuona imejengwaje. Wakiweza, istilahi hiyo imekwisha kuwa ya Kiswahili.